Mbiu ya mgambo isilie pasipo jambo

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kwa miaka mingi nimewafunza wanafunzi wangu methali hii, nikawaeleza maana yake ya juu na ya ndani kama ipasavyo, nao wakaijibu vyema katika mitihani yao. Lakini naungama leo kwamba mimi mwenyewe sikuielewa barabara hadi nilipoketi, mbali sana na nyumbani, mbele ya kisanduku cha redio kilichounganishwa kwa nyaya chache tu na mtambo uliokuwa juu ya kilima. Kisanduku hicho kilinifunza kwamba methali hiyo ina nusu ya pili ambayo wahenga hawakuitamka, pengine kwa sababu waliiona bayana mno: mbiu ikizoea kulia pasipo jambo, siku ya jambo hakuna atakayeisikia.

Huko mbali ni jimbo la Oklahoma, nchini Marekani, nilikokwenda kwa masomo. Na wakati ninaousimulia ni majira ya kuchipua ya mwaka 2007. Nilipanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa amestaafu kazi ya uhandisi wa simu. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wake wamehamia miji ya mbali, na upweke wake aliuliwaza kwa redio. Simaanishi redio ya kusikiliza muziki. Mzee huyu alikuwa mmoja wa wale waitwao wanaredio wa ridhaa, yaani watu waliofanya mtihani wa serikali, wakapewa leseni na alama ya mwito, wakaruhusiwa kuzungumza hewani kwa mitambo yao wenyewe bila kutafuta faida yoyote. Hata hapa Kenya watu wa namna hiyo wapo, na alama zao za mwito huanza na 5Z.

Jioni moja mzee aliniuliza, "Mwalimu, wewe unafundisha fizikia. Je, unajua kutumia chuma cha kulehemu risasi?" Nikamjibu kwamba najua kidogo. "Basi njoo Jumamosi," akasema. "Tunataka kumpa mzee wetu wa mlimani masikio mengine." Mzee wa mlimani ulikuwa ni mtambo wao wa kurudia mawimbi, ambao wao huuita ripita.

Yafaa nimweleze msomaji ripita ni nini, maana bila ya kuifahamu hatutaelewana. Redio ndogo ya mkononi ina nguvu haba. Sauti yake hufika kilomita chache tu, kisha huzuiwa na miti, majumba na mabonde. Wanaredio huweka kilimani mtambo wenye masikio makali na kinywa kikubwa. Mtambo huo husikiliza katika masafa fulani, na papo hapo huyarudia yote uliyoyasikia katika masafa mengine yaliyo kando kidogo. Katika bendi waliyoitumia wenyeji wangu, masafa hayo mawili yalipishana kwa kilohezi 600 tu. Hivyo mtu mwenye redio inayotoshea mfukoni aweza kusikika umbali wa makumi ya kilomita. Ripita ni mfano wa yule mpiga mbiu wa zamani aliyesimama juu ya kichuguu, akalipokea neno la mzee wa kijiji na kulipaza hadi mipakani.

Masikio mengine ambayo mzee alitaka kuyaongeza yalikuwa ya kusikilizia maonyo ya hali ya hewa. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia bahari na anga, NOAA, lina redio yake maalumu isiyotangaza siasa wala michezo. Kazi yake ni hali ya hewa na hatari, usiku na mchana. Ina vituo zaidi ya 1,000 kote nchini, na vyote hutumia masafa saba tu, kuanzia megahezi 162.400 hadi 162.550. Mtu hununua kipokezi chake dukani, akakiweka kando ya kitanda, nacho hukaa kimya. Pakitokea hatari, kituo hutoa kwanza msimbo wa kidijitali, kisha mlio mmoja mrefu wa hezi 1,050, ndipo sauti ya maelezo ifuate. Kipokezi kikiutambua msimbo, hujifungua chenyewe na kumwamsha mwenyewe.

Mfumo wa msimbo huo hujulikana kwa herufi SAME, na ndani yake mna hekima ambayo sisi walimu twapaswa kuistahi. Kila tangazo hubeba herufi tatu za kutaja aina ya hatari: TOR ni onyo la tonado, FFW ni onyo la mafuriko ya ghafla, SVR ni onyo la dhoruba kali ya radi, na RWT ni jaribio la kila wiki lisilo na hatari yoyote. Baada ya herufi hizo huja nambari zenye tarakimu sita za kutaja mahali. Kaunti ya Cleveland, mathalani, uliko mji wa Norman, nambari yake ni 040027. Hizo 40 ni za jimbo la Oklahoma, na 027 ni za kaunti yenyewe. Msimbo wote hurudiwa mara tatu ili kelele za radi zikiuharibu mmoja, mingine isaidie. Kwa hiyo mwenye kipokezi aweza kukiamuru: niamshe kwa hatari hii tu, na ikiwa i katika kaunti hii tu. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa kuwa kisa changu chote kimejengwa juu yake.

Huenda mtu akauliza, ya nini mashaka yote haya? Jibu ni tonado, kile kimbunga cha nchi kavu kinachoning'inia kutoka mawinguni mfano wa mkonga wa tembo, kikang'oa nyumba na mizizi yake. Marekani hupata zaidi ya 1,000 kila mwaka, na nyingi zao hazina madhara makubwa. Lakini zipo zisizosahaulika. Mnamo Machi 18, 1925, tonado moja ilipita katika majimbo ya Missouri, Illinois na Indiana, ikaua watu 695. Hao hawakuonywa. Na inashangaza kusikia kwamba tangu miaka ya 1880 hadi mwaka 1938 watabiri wa serikali walikatazwa hata kulitumia neno 'tonado' katika utabiri wao, kwa hofu kwamba wananchi wangepagawa. Iliwabidi wananchi wangoje hadi Machi 25, 1948, ndipo maafisa wawili wa jeshi la anga, Ernest Fawbush na Robert Miller, walipotoa utabiri wa kwanza wa tonado katika kambi ya Tinker, huko huko Oklahoma, nayo tonado ikaja jioni ile ile.

Basi kosa la kwanza la binadamu lilikuwa ni kunyamaza. Baada ya Aprili 3 na 4, 1974, ambapo tonado 148 zilishuka katika muda wa saa 24 na kuua zaidi ya watu 300, serikali iliipanua redio ya hali ya hewa. Hata hivyo pengo lilibaki. Mnamo Machi 27, 1994, Jumapili ya Matawi, tonado ililiangukia kanisa la Goshen katika jimbo la Alabama wakati wa ibada, na waumini 20 wakafa. Onyo lilikuwa limetolewa na watabiri, ila halikuwafikia waliokuwa kanisani. Baada ya msiba huo Makamu wa Rais wa wakati huo, Al Gore, alihimiza vituo viongezwe hadi redio hiyo iweze kuwafikia asilimia 95 ya Wamarekani.

Nimeyasimulia haya ili ieleweke kwa nini wazee wale wa Oklahoma, ambao wengi wao walikuwa na kipokezi nyumbani, bado walitaka onyo lipite pia katika ripita yao. Mtu akiwa garini, au shambani na redio yake kiunoni, kipokezi kilicho kando ya kitanda chamfaa nini? Tena sheria iliwaruhusu. Kwa kawaida mwanaredio wa ridhaa haruhusiwi kurusha tena matangazo ya vituo vingine, lakini kanuni za Tume ya Mawasiliano ya Marekani huifanya habari ya hali ya hewa kutoka vituo vya serikali kuwa miongoni mwa mambo machache yasiyokatazwa, mradi isigeuzwe kuwa matangazo ya mfululizo.

Jumamosi hiyo tukapanda kilimani. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia. Waya wa kwanza ulitoka kwenye tundu la spika la kipokezi, ukaibeba sauti. Waya wa pili ulitoka kwenye swichi ndogo iliyomo ndani ya kipokezi, ambayo hufunga pindi onyo linapoingia. Nyaya hizo ziliingia katika kidhibiti cha ripita, ambacho ndicho akili ya mtambo. Kikiona swichi imefunga, hukiamuru kinywa kifunguke, sauti ikatoka. Tulipojaribu mara ya kwanza, sauti ilikuja na mvumo kama wa nyuki mzingani. Mzee akatabasamu, akanipa transfoma ndogo ya sauti niiunganishe katikati ili umeme wa mtambo mmoja usiingie katika mwingine, na mvumo ukakoma. Kisha tukagundua kwamba kila ripita inapozungumza, kipokezi huwa kiziwi, maana kilikuwa mita mbili tu kutoka kwa mtambo wenye nguvu nyingi. Tukaisogeza eriali yake mbali na kuweka kichujio cha kuzuia mawimbi ya ripita. Magharibi ilipofika kila kitu kilikuwa sawa, nasi tukapeana mikono kama watu waliochimba kisima.

Ndipo likazuka swali ambalo hatukulipa uzito: je, tupitishe maonyo yapi? Mmoja akasema tupitishe ya kaunti zote tisa zinazosikika kutoka kilimani, kwa kuwa wanachama wametawanyika. Mwingine akasema tupitishe aina zote za hatari, kwa kuwa nani ajuaye itakayomdhuru mwenzake? Hakuna aliyepinga. Mimi mwenyewe niliona kwamba huo ndio ukarimu: kumpa kila mtu kila kitu. Na ili pasiwe na wa kulikatiza onyo, tukakiamuru kidhibiti kizime sauti za watu wote mpaka onyo limalizike.

Asiyepata kuishi Oklahoma katika mwezi wa Aprili na Mei hawezi kufahamu matokeo yake. Ilikuwa ni maonyo ya radi katika kaunti iliyo kilomita 90 kutoka kwetu, maangalizo ya mafuriko katika mto ambao hakuna mwanachama aliyewahi kuuona, majaribio, na marudio ya yaliyokwisha kutangazwa. Usiku wa dhoruba ripita ililia mara kumi, mara kumi na mbili. Wiki mbili za kwanza watu walishukuru. Wiki ya tatu wakanyamaza. Baadaye mtu alipouliza hewani kama kuna anayemsikia, alijibiwa na mzee peke yake.

Usiku mmoja mwishoni mwa Mei, yapata saa nane, nikaamshwa na honi ya kipokezi kilichokuwa sebuleni. Mzee alikuwa amekwisha kuamka. Safari hii hatari ilikuwa ndani ya kaunti yetu wenyewe: tonado imeonekana katika rada, inaelekea kaskazini-mashariki, wakazi wajifiche mara moja. Ripita ikalipaza onyo hilo neno kwa neno, kwa sauti safi isiyo na mvumo. Mtambo tulioujenga ulifanya kazi bila kosa hata moja. Sisi wawili tukateremka chini ya nyumba, tukakaa gizani tukiisikiliza mvua ya mawe.

Haikutupitia. Ilishuka upande wa pili wa mji, ikaezua ghala, ikang'oa miti, ikaondoka. Hakuna aliyekufa. Siku mbili baadaye chama kikakutana, na mzee akauliza swali moja tu: "Nani alilisikia onyo kupitia ripita?" Tulikuwa watu 32 katika ukumbi ule. Walioinua mikono walikuwa wanne, na wawili kati yao ni mzee na mimi.

Akasimama mama mmoja, muuguzi, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na ghala lile. Mti ulikuwa umepenya dirishani na kuangukia kitanda cha mwanawe mwenye umri wa miaka sita. Mtoto alikuwa ameamka muda mfupi kabla ya hapo akitaka maji, na kwa sababu hiyo tu ndiyo alikuwa jikoni na si kitandani. "Redio yangu iko kando ya mto wa kulalia," akasema kwa upole. "Nimeizima tangu katikati ya mwezi. Mzee, mimi hutoka zamu usiku nikiwa nimechoka. Kile kisanduku chenu kililia kila siku kama mtoto asiyeumwa. Nikajifunza kutokisikia."

Kabla hatujapata la kumjibu, kijana mmoja aliyekaa nyuma akaongeza lake. Yeye alikuwa mmoja wa wale watu wa kujitolea, waitwao Skywarn, ambao hufunzwa na Idara ya Hali ya Hewa kuzitazama dhoruba kwa macho na kutoa taarifa. Usiku ule alikuwa barabarani. Aliiona tonado yenyewe katika mwanga wa radi, akajua imegeuka mkondo, akabonyeza kitufe cha redio yake aseme. Hakusikika. Ripita ilikuwa ikilisoma onyo, nasi tulikuwa tumeiamuru izime sauti za watu wote. Kwa karibu dakika tatu shahidi aliyeona kwa macho yake alizibwa kinywa na mashine iliyokuwa ikisoma habari ya rada.

Mzee akavua kofia yake. Nilidhani ataulaumu mtambo, maana binadamu ndivyo tulivyo. "Mtambo ulifanya tulivyouagiza," akasema. "Ni sisi tulioagiza vibaya." Akaketi.

Msomaji mpendwa, sijapata kusikia somo la ualimu lililo fupi na zito kuliko hilo. Tulikuwa tumetumia siku nzima kuunganisha nyaya na dakika tano tu kuamua mtambo useme nini na wakati gani, na hizo dakika tano ndizo zilizokuwa kazi yenyewe. Kuunganisha mashine mbili ni kazi ya chuma cha risasi. Kuiunganisha mashine na sikio la mtu aliyelala ni kazi ya kumjua mtu huyo: atokavyo zamu, achokavyo, na anavyoweza kustahimili kuamshwa bure mara ngapi kabla ya kuacha kuamini.

Wiki iliyofuata tukapanda tena kilimani, na safari hii hatukubeba chuma cha kulehemu. Tulibeba kalamu na karatasi. Kaunti tisa zikawa moja, ile yenye wakazi wengi wa chama. Aina za hatari zikawa mbili: tonado na mafuriko ya ghafla, ambazo ndizo zinazoweza kumuua mtu akiwa amelala. Msimbo na ule mlio mrefu tukauzuia usitoke hewani, ikabaki sauti ya maelezo peke yake. Kisha tukakiagiza kidhibiti kisimzime mtu yeyote: kama kuna anayezungumza, onyo lingoje aachie kitufe, na katikati ya maneno yake kipigwe kengele ndogo tu ya kumjulisha kwamba kuna neno. Onyo likisha kusomwa mara moja, ripita iachwe wazi kwa mashahidi. Na msimamizi wa zamu akapewa tarakimu za siri za kuukatiza mtambo kutoka mbali endapo utaharibika.

Jambo la mwisho ndilo lililonipendeza zaidi. Redio ya serikali hutoa lile jaribio lake la RWT kila wiki, aghalabu siku ya Jumatano karibu na adhuhuri. Tuliliruhusu jaribio hilo lipite, kwa sharti kwamba likiisha, wanachama waitwe majina hewani kama rejista ya darasa. Jumatano ya kwanza waliitika kumi na mmoja. Nilipoondoka kurejea Kenya, idadi ilikuwa imefika ishirini na watano, na sauti ya yule muuguzi ilikuwa miongoni mwao. Mtambo ulijaribiwa, lakini waliojaribiwa hasa walikuwa watu.

Najua kuna atakayesema kwamba mambo ya ripita yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi kila mtu ana simu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2012 simu za Wamarekani zimekuwa zikipokea maonyo ya serikali moja kwa moja. Lakini milingoti ya simu huanguka katika dhoruba ile ile inayoonywa, ilhali ripita yenye betri zake kilimani huweza kuendelea umeme ukikatika. Na hata hilo si kiini cha hoja yangu. Simu nayo ina kitufe cha kuzima maonyo, na anayeamshwa bure mara kumi atakitafuta kitufe hicho hadi akipate. Chombo chaweza kubadilika. Sikio la binadamu ni lile lile.

Wala jambo hili si la Wamarekani pekee. Hapa kwetu tonado si adui wa kila mwaka, ila maji tunayajua. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalibomoa na kushuka kijijini watu wakiwa usingizini, yakaua zaidi ya watu 40. Kwamba msimu ule ulikuwa wa mvua kubwa, nchi nzima ilikuwa imekwisha kusikia. Lakini 'mvua kubwa nchini' ni habari, na 'ondoka hapa ulipo usiku huu' ni onyo. Baina ya mambo hayo mawili pana umbali mrefu, na umbali huo hauzibwi kwa kupiga kelele zaidi. Huzibwa kwa kutaja mahali, kutaja saa, na kuwa na mtu au mtambo wa karibu ambao mwenyeji anauamini. Hilo ndilo jema la vituo vidogo vya redio vya jamii, kama kile cha Kangema katika Murang'a ambacho Idara yetu ya Hali ya Hewa ilisaidia kukianzisha, kinachosema na mkulima kwa lugha yake habari za kilima chake.

Nami nimalizie nyumbani kabisa, shuleni. Niliporejea kazini nilianza kuisikiliza kengele yetu kwa masikio mapya. Kengele ile ile ilipigwa kwa kuamka, kwa gwaride, kwa kubadilisha vipindi, kwa chai, kwa maombi, kwa kumwita karani, na, kwa mujibu wa kanuni zilizobandikwa ukutani, ndiyo ambayo ingepigwa bweni likishika moto. Nikawauliza wanafunzi wa kidato cha pili wangejuaje kwamba safari hii ni moto. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mwalimu, tungeangalia saa kwanza."

Tulitafuta kipande cha reli ya zamani, tukakitundika mahali pake pa peke yake, chini ya ufunguo wa mwalimu wa zamu. Hakigongwi kwa chai wala kwa gwaride. Hugongwa mara moja kila muhula, kwa zoezi lililotangazwa, wanafunzi wakatoka mabwenini na kuitwa majina uwanjani mmoja mmoja. Siku zote nyingine kinaning'inia kimya, na wageni hutuuliza kina kazi gani. Huwajibu kwamba kazi yake ni hiyo hiyo ya kunyamaza, ili siku kitakapolia, mtoto wa mwisho katika kitanda cha mwisho ajue, hata kabla hajafumbua macho, kwamba kuna jambo.